Hakuna Uvimbe

Mikono yangu ni mikubwa. Nalisema mapema kwa sababu kila anayekutana nami hulisema, na afadhali nimtangulie. Baba yangu ni fundi mwashi, babu yangu alikuwa fundi mwashi, nami nilirithi viganja vya kubebea matofali, kisha nikaenda kuvitumia kushikia vichwa vya watoto wachanga. Siku yangu ya kwanza wodini mama mmoja alinitazama kuanzia viatu hadi utosi, akanikabidhi ndoo iliyokuwa uvunguni mwa kitanda, akaniambia choo cha wanawake kimeziba. Ningefanyaje? Nilikwenda nikakizibua. Niliporudi kumpima mwanawe aliona haya hadi akajifunika uso kwa mtandio.

Tulikuwa tisa tuliokuwa tukisomea ubingwa wa watoto, wanawake wanane na mimi. Wanaume niliomaliza nao chuo walikimbilia upasuaji, mifupa na moyo, kazi ambazo mtu akizitaja mbele ya wakwe anaongezewa chai. Rafiki yangu mmoja aliyekwenda upasuaji, ambaye tangu hapo sote tulimwita Kisu, ndiye aliyenibandika jina la Yaya. "Yaya umeamkaje? Leo umebadilisha nepi ngapi?" Nilicheka naye miaka mitatu mfululizo, ingawa mwaka wa tatu kicheko kilikuwa cha meno tu.

Baba hakucheka. Siku niliyompa habari alikuwa anaosha mwiko wake kwenye ndoo baada ya kazi.

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ukawe mlezi," alisema.

"Daktari wa watoto, baba."

"Ndiyo hiyo hiyo." Akaukung'uta mwiko. "Mwanamume akishinda na watoto wa watu, watu watauliza. Usije ukasema sikukuambia."

Sikumweleza sababu yangu kwa kuwa yenyewe ilikuwa ya kitoto. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya kazi nilizungushwa wodi zote, na wagonjwa wazima walinichosha kwa uongo. Mzee anakuapia kwamba hajagusa sigara mwezi mzima, na kiberiti kinachungulia mfukoni. Bibi anasema vidonge amemeza vyote, nawe unavisikia vikichezacheza mkobani mwake. Mtoto hadanganyi. Kinachomuuma kinamuuma, na kikiacha anadai mpira wake. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha kama uongo, kwa hiyo nilijiambia hapa ndipo pangu. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana mwongo katika kisa hiki ni mimi.

Mwaka wa tatu ulipoanza yalitokea yale aliyoyatabiri baba. Nilikuwa nasikiliza kifua cha msichana wa miaka sita mwenye pumu. Mama yake alikuwa amekwenda kuchota maji ya kunywa mwisho wa korido. Gauni la mtoto lilikuwa limepandishwa hadi kwapani, kama inavyopasa, kwa sababu kifua hakisikilizwi juu ya kitambaa. Baba yake akaingia.

"Wewe! Unamfanya nini mwanangu?"

Nikajaribu kueleza. Hakunisikia.

"Kazi zote zilizojaa duniani, mwanamume mzima unachagua kushinda na vitoto! Unatafuta nini kwao?"

Mama akarudi na kikombe chake, akaeleza. Mtoto mwenyewe akaeleza. Yule baba akanywea, na kesho yake akaja kuniomba radhi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikamsamehe. Lakini wodi nzima ilikuwa imelisikia lile swali, na radhi niliisikia peke yangu. Juma zima kila nilipokaribia kitanda, mkono wa mama ulikuwa unateremsha gauni la binti kabla sijasalimia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo watu wanavyowaza. Sikuwalaumu. Ningekuwa na binti ningewaza hivyo hivyo. Iliniuma tu, iliniuma hadi nikawa naosha mikono mara mbili zaidi ya inavyotakiwa.

Profesa wetu, mama mfupi anayetembea kwa kasi ya mtu aliyeacha jiko linawaka, aliandika kanuni siku ile ile niliyofokewa: daktari wa kiume asimpime mtoto wa kike bila nesi wa kike kuwepo. Sista msimamizi wa wodi akaibandika ukutani kwa plasta ya vidonda. Ni kanuni nzuri, na sitaki mtu adhani naishtaki. Inamlinda mtoto kwanza, kisha daktari. Sisi tulimwita yule nesi shahidi, nawe ungenisikia kutwa nikipaza sauti mlangoni, "Sista, naomba shahidi!" Akija, tunafanya kazi. Shida ilikuwa kwamba manesi walikuwa watatu na watoto walikuwa hawahesabiki.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa na swali, na nikaanza kushtuka hata shahidi akiwepo. Wavulana niliwapima kama kawaida. Wasichana niliwapima haraka haraka, macho ukutani, mikono juu ya nguo. Profesa alikuwa ametufundisha tangu wiki ya kwanza kwamba mtoto anayetapika huvuliwa nguo zote, mpaka chupi. "Mficha uchi hazai," alikuwa anasema, nasi tunacheka, "na daktari anayemwogopa mtoto akiwa uchi hamponyi." Nilikuwa naijua kauli hiyo kwa moyo. Nilishawahi hata kuwafundisha wanafunzi wadogo.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, chumba namba mbili cha kliniki. Kitanda chembamba chenye mpira mweusi juu yake, mizani, kopo la vijiti vya kukandamizia ulimi, feni inayozunguka bila kupoza. Nje mabenchi matatu yalikuwa yamejaa akina mama, na mtoto mmoja akianza kulia wote wanaitikia. Akaingia mama mmoja, fundi cherehani. Nilimjua kwa futi ya kitambaa iliyokuwa bado inaning'inia shingoni na pini mbili kwenye ukosi. Alikuwa amempakata binti wa miaka mitatu aliyekuwa na alama nyeusi kidogo juu ya mdomo.

"Anaitwa nani huyu?"

"Nyumbani tunamwita Kidoti, daktari. Tangu alfajiri anatapika. Hata maji hayakai. Na huku chini..." Akamlaza kitandani, akaingiza mkono chini ya gauni ashushe ile suruali ya kubana aliyomvalisha.

"Usimvue kwanza, mama," nikasema, tena kwa haraka. "Naita nesi."

Nikaita. Sista akajibu kutoka chumba cha pili, "Nakuja!" Hakuja. Mtoto mchanga alikuwa amepatwa na degedege kule, na manesi wote wawili wa kliniki walikuwa juu yake. Nilingoja. Nikaita tena. Mlangoni mama mwingine akachungulia akauliza kama nimelala. Kidoti alikuwa ameanza kulia kile kilio cha chini cha mtoto aliyechoka, na mama yake alikuwa ananitazama.

Nikaweka mkono juu ya gauni, juu ya kitovu, nikabonyeza. Tumbo lilikuwa laini. Sikwenda chini ya pale. Nikakaa nikaandika.

Sisi tuna namna yetu ya kuandika mtoto anayetapika, na baada ya miaka mitatu mkono unaiimba wenyewe: homa hakuna, macho hayajazama, kifua safi, tumbo laini, kinena hakuna uvimbe. Mstari huo wa mwisho ni wa ngiri. Utumbo wa mtoto unaweza kuchomoza kwenye tundu dogo la kinena na kubanwa pale, na ukibanwa sana hukosa damu na kufa. Ndiyo maana lazima uangalie, na ndiyo maana lazima uandike kwamba umeangalia. Niliandika. Sikuwa nimeangalia. Nikaweka sahihi yangu, nikampa dawa ya kurudishia maji mwilini.

"Na huko chini hakuna shida?" mama akauliza huku akimbeba.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshaingia, anavuta kiti.

"Hakuna, mama. Akiendelea kutapika mrudishe."

Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili.

Alimrudisha kesho yake asubuhi. Nilipofika wodini saa tatu kwa mzunguko wa kuona wagonjwa, nilikuta Kidoti amelazwa kitanda cha dirishani, midomo imekauka, macho yamezama, tumbo limeanza kujaa. Futi ya kitambaa ilikuwa bado shingoni mwa mama yake. Nadhani alitoka nyumbani bila kujitazama.

Profesa hakuuliza mengi. Sista alikuwepo, na sisi wanafunzi wake tulisimama nyuma. Akamvua mtoto. Upande wa kulia wa kinena palikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu, mgumu, ngozi juu yake imeanza kuwa nyekundu. Kidoti alipiga yowe kabla hata hajaguswa.

"Ngiri imebana," Profesa akasema. "Mwite Kisu." Kisha akamgeukia mama. "Uvimbe huu umeanza lini?"

"Jana alfajiri, daktari. Alipoanza kutapika."

Profesa akafungua faili. Nilimwona anashuka na kidole mstari kwa mstari, na nikajua kitakwama wapi.

"Jana saa nane mchana daktari wangu ameandika hakuna uvimbe." Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma kipimo. "Mama, nieleze kweli. Sikusemi. Nataka kujua umekaa naye saa ngapi ukiwa umeuona."

Yule mama akanitazama, mara moja tu, kisha akatazama faili. Mtu anayeshona nguo anajua alichokiona. Lakini pale palikuwa na karatasi, na mihuri, na makoti meupe saba.

"Nilidhani ni jana alfajiri," akasema.

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mtu yeyote mwenye akili timamu anaona kwamba hapo ndipo, na mimi niliona, nikanyamaza. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa majuma kumi na moja mbele. Niliwaza hilo. Nikamwaza baba na mwiko wake. Nikawaza namna habari itakavyotembea, maana haitatembea jinsi ilivyo. Hawatasema hakumwangalia mtoto. Watasema yule mwanamume wa wodi ya watoto kuna jambo amefanya kwa binti wa watu, unakumbuka hata mwanzo wa mwaka? Nikajiambia mtoto atapasuliwa vyovyote, kwa hiyo maneno yangu hayaongezi kitu. Sista akaniomba nilete mpira wa dripu, nami nikaukimbilia kama niliyeponea chupuchupu.

Niliporudi Kisu alikuwa amefika, mikono ya koti imekunjwa. Alinikonyeza. Alimgusa mtoto polepole, kwa vidole ambavyo ni vyembamba kuliko vyangu, akafikiri.

"Ilianza lini?"

"Hapo ndipo penye mashaka," Profesa akasema. "Mama anasema jana alfajiri. Faili linasema jana saa nane haikuwepo."

"Akina mama huwa wanachanganya." Kisu akamgeukia mama mwenyewe. "Mama, labda ilitoka usiku?"

"Labda," yule mama akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Labda sikuona vizuri. Nilikuwa na kazi za watu, nilikuwa nakimbizana na kazi. Labda ni mimi."

Sista akamshika bega akamtoa nje apumzike kwenye benchi. Kisu akaeleza mpango wake: vyumba vya upasuaji vyote vina wagonjwa hadi saa saba, lakini kama ngiri imetoka usiku, utumbo bado uko hai. Atampa mtoto dawa ya kumlegeza, amwinue miguu, auminye uvimbe taratibu urudi ndani, kisha ampasue kesho akiwa ametulia. Imefanyika mara nyingi.

"Na kama ni tangu jana alfajiri?" Profesa akauliza.

"Basi ni zaidi ya saa ishirini na nne, na simgusi kwa mkono. Nikirudisha utumbo uliokufa utaoza tumboni. Tutampoteza." Akachukua bomba la sindano lililokuwa limeshajazwa. "Lakini kuna faili. Aliyeandika ni Yaya, na Yaya anajua kazi yake."

Alisema hivyo kwa nia njema. Katika miaka mitatu ya nepi na vicheko hiyo ndiyo mara ya kwanza alipolisema jina lile kwa heshima. Akaushika mkono wa Kidoti atafute mshipa.

"Sikuangalia," nikasema.

Kisu hakunisikia, au alisikia akadhani nasema jambo jingine.

"Kisu, weka sindano chini. Sikuangalia. Nesi hakuwepo, sikumvua, nikaandika tu. Mama yake anasema kweli. Ni tangu jana alfajiri."

Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea. Kisu akaweka sindano kwenye trei, akatoka mbio kwenda kumtoa mtu chumba cha upasuaji. Profesa akasukuma kitanda yeye mwenyewe, akapita karibu nami kiasi cha kunikanyaga, akasema neno moja tu.

"Toka."

Baadaye nilihesabu. Kutoka Profesa alipofungua faili mpaka mimi kufungua mdomo zilipita dakika ishirini. Kwa mtu anayechukia uongo ni nyingi sana.

Walikata utumbo uliokufa, urefu wa shubiri moja ya mtu mzima, wakaunganisha ncha mbili. Kidoti alipona. Nakuambia sasa usikae roho mkononi, kwa sababu yaliyobaki si ya kupona kwake. Siku ya pili aliomba maji, ya nne akaomba kitu cha kutafuna, na kila mtu aliyepita pale alifurahi, nami nilikuwa nafurahia mbali, kwenye mlango wa stoo, kama mwizi anayetazama nyumba aliyoiibia ikifanya sherehe.

Profesa aliniita ofisini. Alikuwa na faili mbele yake.

"Ungeandika 'sijampima, nesi hayupo', ningekusema dakika mbili, na mtu mwingine angemwangalia jioni ile ile."

"Najua."

"Kanuni ile niliiandika mimi. Niliiandika mtoto asiumizwe, na wewe usisingiziwe. Sikuiandika ili upate mahali pa kujificha." Akavua miwani. "Nilikuwa najivunia kukuonyesha kwa watu. Unajua nina watoto wa kiume wangapi humu wasio na baba, wanaokungojea mzunguko upite ili uwabebe? Wakiniuliza nitawaambia uko wapi?"

Alisema barua itakwenda kwenye baraza la madaktari, kwamba nisiguse mgonjwa peke yangu mpaka uamuzi utoke, na kwamba mama wa mtoto alikuwa ameelezwa kuwa hospitali ilikosea. Hospitali. Neno hilo lilinipa nafuu, na nikaona haya kwa nafuu ile.

Jumapili nilikwenda kwa baba. Alikuwa uani anajenga ukuta wa banda, akiweka pima maji juu ya kila mstari wa matofali kuona kama umelala sawa, ingawa hakuna ambaye angekuja kukagua banda lake. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama. Sikumwachia nafasi ya kusema "nilikuambia", lakini wala hakuitafuta.

"Uliandika umepima, na hujapima," alisema nilipomaliza. Katika yote, alichokisikia ni hicho.

"Ndiyo, baba."

"Hilo si jambo la mwanamume kukaa na watoto. Hilo ni la fundi." Akakwangua chokaa iliyozidi. "Kijana wangu wa kazi akiniambia ameweka pima maji na hakuweka, simfukuzi. Namwambia abomoe. Mwenyewe, kwa mikono yake, wenzake wakitazama, halafu ajenge upya. Umeshabomoa?"

"Nimesema mbele ya Profesa. Nimesema mbele ya Kisu."

"Na mama wa mtoto?"

"Ameelezwa."

"Na wewe?"

Nikainama nikaokota tofali.

"Basi hujabomoa," akasema, akaendelea kujenga. Nilimpa matofali hadi saa sita, na hatukuzungumza tena isipokuwa kuhusu mchanga.

Uamuzi ulitoka siku ya tisa. Nasimamishwa miezi sita, mtihani wangu unasogea mwaka mzima, na nikirudi nitaanza tena mwaka wa tatu. Kisu alinisindikiza hadi ngazi za wodi. Alitafuta mzaha wa kunipa, hakuupata, akanipiga ngumi ndogo begani akaenda zake. Niliingia wodini kurudisha ufunguo wa kabati. Bado nilikuwa nimevaa koti, maana sikujua mtu hulirudisha vipi.

Kidoti alikuwa anaruhusiwa siku hiyo hiyo. Amekaa kitandani, miguu inaning'inia, mama yake anakunja nguo na kuzipanga kwenye mfuko. Sista alikuwa kitanda cha jirani akipima joto. Nikawaendea.

"Mama, shikamoo," nikasema, ingawa tulikuwa rika moja. Sijui kwa nini ilinitoka shikamoo.

Hakuitikia. Akaacha kukunja.

"Siku ile kliniki sikumwangalia mtoto. Niliandika nimemwangalia. Na siku ya pili, walipokuuliza, nilikuwepo, nikakuacha useme labda ni wewe. Hukukosea. Uliona sawasawa."

"Najua hukumwangalia," akasema. "Nilikuwepo. Niliona mkono wako umeishia hapa." Akajigusa kitovuni. "Nilidhani nyinyi mna namna yenu ya kuona. Uliposema huko chini hakuna shida, nikasema basi, daktari ameona. Nikarudi nikashona. Nilishona mpaka jioni, mtoto analia, nami namwambia nyamaza, daktari amesema hakuna kitu."

Machozi yalikuwa yananilenga, nikayazuia, kwa sababu haikuwa zamu yangu ya kulia.

"Kwa nini hukumwangalia?" akauliza. "Nataka kujua hilo tu."

"Nesi hakuwepo. Kuna kanuni. Daktari wa kiume hampimi mtoto wa kike bila shahidi. Na mimi niliogopa, mama. Nilishawahi kusemwa."

Alinitazama kama anayejaribu kuelewa maneno niliyoyatumia.

"Na mimi?" akasema. "Mimi mama yake nilikuwa nimesimama pale, nimemshika mkono. Nilikuwa nataka kumvua, ukanizuia. Mimi sikuwa shahidi?"

Nimesoma vitabu vizito kuliko begi langu. Nimekariri dawa na vipimo vyake kwa uzito wa mtoto. Kwa swali hilo sikuwa na hata neno moja, na sina mpaka leo. Kanuni ilisema nesi, ndiyo. Lakini ningemwacha mama amvue mwanawe. Ningemwambia, nionyeshe. Ningeandika, nesi hayupo, mama yupo, nimeona. Nilikuwa namwogopa, na yeye ndiye peke yake mle chumbani aliyekuwa ananiamini.

Sista alikuwa ameacha kupima joto. Alikuja akasimama miguuni pa kitanda.

Hapo Kidoti akaniona. Kwa siku tisa kila koti jeupe lililosimama mbele yake lilikuja kutazama kidonda, na mtoto wa miaka mitatu hujifunza upesi. Hakulia wala hakungoja kuambiwa. Alijilaza chali, akashika pindo la gauni kwa mikono miwili, akalipandisha hadi kidevuni, akageuza uso ukutani akingoja niumize haraka nimalize.

Nilirudi nyuma hatua moja. Mkono wangu ulikuwa unautafuta mlango.

"Hapana," mama yake akasema. "Usiondoke. Sista yupo, mimi nipo. Angalia."

Nikaangalia.